Shule yetu ilikuwa na watoto 61 wa wafadhili, leo wamebaki 19. Hela zimeenda wapi?

#1 Mwanabodi Mpya

Wakuu, kamwene.

Nimeingia kwenye bodi ya shule moja ya sekondari ya binafsi, ya bweni, huku katikati ya Makambako na Mafinga. Jina naliacha, anayeijua ataijua. Kikao cha kwanza tu nimekutana na kitu kimeninyima usingizi.

Mwaka 2014 shule ilikuwa na watoto 61 wanaolipiwa ada na wafadhili wa nje. Mwaka huu wamebaki 19, na kati ya hao wanne hela yao ya awamu ya pili haijaonekana mpaka leo. Mkuu wa shule anasema wafadhili wamechoka. Mhasibu anasema ni dola. Mchungaji aliyekuwa kiungo na wazungu anasema ni Trump. Mzazi mmoja akasimama akasema hela zinakuja kama zamani, ila zikifika hapa zinageuka bati na saruji kwenye viwanja vya watu. Kikao kikavunjika, tukaenda kula.

Mliosomeshwa hivi, mliowahi kuzishika hizo hela, na mnaojua huko zinakotoka: tatizo liko wapi hasa? Kikao kijacho nataka niende na maswali. Hasira tunazo za kutosha.

#2 Ulanzi Baridi

Kiti cha mbele, na kikombe changu.

Ila mkuu, hapo kwenye bati na saruji ushajijibu.

#3 Kijana wa Nzovwe

Mchungaji yuko sahihi. USAID imefutwa, wafadhili wote wa Marekani chali. Hamna cha kutafuta hapo, funga uzi.

#4 Fundi Leja

@Kijana wa Nzovwe usifunge. Amri ya kusimamisha misaada ilisainiwa 20 Januari 2025, na USAID ikazimwa rasmi 1 Julai 2025. Mleta mada anaongelea kushuka toka 2014, sasa Trump wa 2025 alirudije nyuma? Halafu hela ya USAID ni ya serikali yao. Hela ya ada kwenye shule kama hiyo mara nyingi inatoka kwa bibi na babu fulani, au kwa usharika unaopitisha bakuli. Ni vyungu viwili tofauti.

Nimekuwa mhasibu wa shule ya aina hiyo miaka 9. Jioni narudi niandike vizuri, sasa hivi niko foleni ya mizani.

#5 Ulanzi Baridi

Mhasibu kwenye foleni ya mizani anapima nini, leja?

#6 Fundi Leja

Viazi. Niliacha ofisi, nasafirisha viazi kwenda Dar. Maisha.

#7 Mama wa Kabwe

Mimi sijasoma sana ila niwaambie kitu. Mwaka juzi nilitafutia mtoto wa marehemu dada yangu ufadhili kwenye shule ya binafsi (siitaji). Fomu inataka barua ya mtendaji kuthibitisha kwamba mtoto ni yatima na kaya haina uwezo. Nikaenda na cheti cha kifo, nikakaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya pili kaja baba mmoja na pikipiki mpya, hajakaa hata dakika kumi, katoka na barua yake imegongwa muhuri. Shule ilipofunguliwa nikaambiwa nafasi zimejaa. Mtoto wa yule baba yuko ndani, anasomeshwa kama "mhitaji", na likizo anachukuliwa na gari.

Kwa hiyo msiulize tu hela zimeenda wapi. Ulizeni na watoto waliotoka wapi.

#8 Ndaga Fijo

@Mama wa Kabwe pole dada. Huko kwetu Rungwe tulikuwa na kesi ileile, mtoto wa kiongozi wa kanisa kasomeshwa miaka minne kama yatima, na baba yake ndiye aliyekuwa anasoma matangazo Jumapili.

Lakini siku hizi si kuna orodha ya kaya maskini za TASAF, ule mfuko wa serikali? Ile inapitishwa kwenye mkutano wa kijiji, kila mtu anasikia. Shule ingechukua watoto kwenye orodha hiyo badala ya barua za mtendaji.

#9 Mama wa Kabwe

Na unadhani kwenye orodha ya TASAF hamna wenye pikipiki?

#10 Dada wa Makete

Nimesita kuandika, ila huu uzi umenigusa.

Mimi nilikuwa mtoto wa mfadhili. Mnajua hali yetu ya Njombe na Makete, hata utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulipima maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ukakuta 14.8%, ya kwanza nchi nzima. Sisi hatukuhitaji utafiti, tulikuwa tunahesabu makaburi. Baba 2002, mama 2004. Nikapelekwa kwa mjomba, na 2007 nikaingia kidato cha kwanza shule ya bweni kwa ufadhili wa bibi mmoja wa Marekani.

Jumapili ya kwanza ya muhula, baada ya ibada, matroni alitukusanya bwaloni sisi "watoto wa barua". Ubaoni kuna barua imeshaandikwa kwa Kiingereza. Unanakili, unabadilisha jina lako na somo unalolipenda. Mstari wa pili ulikuwa unasema hali ya hewa ni nzuri. Mwezi wa sita, asubuhi maji ya ndoo yameshika utando wa barafu, vidole havikunjiki, kalamu unaishika kwa ngumi kama mwiko, na unaandika hali ya hewa ni nzuri. Chini ya barua unachora twiga. Ni lazima twiga. Mwenzangu alichora ng'ombe wao, matroni akamwambia afute.

Twiga mwenyewe nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka 22, kwenye dirisha la basi, Mikumi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akavuta mfuko wake karibu.

Sasa sikilizeni. Kidato cha tatu, 2009, nikaitwa ofisini nikaambiwa mfadhili wako amefariki, rudi nyumbani ukalete ada. Nililia kama nimefiwa mara ya tatu. Mjomba akauza mipaini yake ikiwa bado michanga, kwa bei ya kuni, ndiyo nikamaliza. 2017 nikamtafuta yule bibi Facebook, nikampata binti yake. Akaniambia mama yake amefariki 2013. Na alinilipia hadi kidato cha nne. Risiti za benki anazo.

Bado nina swali hilohilo la mleta mada.

#11 Ulanzi Baridi

Duh. Nimeweka kikombe chini.

#12 Kijana wa Nzovwe

Huo ni wizi mchana kweupe. Watajwe!

#13 Mwanabodi Mpya

@Dada wa Makete pole sana. @Kijana wa Nzovwe tusitaje shule wala watu, uzi utafutwa na tutabaki na nini.

#14 Fundi Leja

Nimefika, viazi vimepimwa. Poleni na urefu.

@Dada wa Makete, nitakachosema hakitakufurahisha, na sikitetei. Inawezekana hela yako iliibwa. Inawezekana pia ilimlipia mwenzako ada.

Shule nyingi za hivi hela haimfuati mtoto hata kama karatasi inasema hivyo. Inaingia akaunti moja. Kwanza inakuja kwa wakati wao, wengi mwisho wa mwaka wao, Desemba, au kanisa lao likishafanya mnada wa keki, wakati sisi ada tunaitaka kwa awamu nne kuanzia Januari. Pili, inakuja na majina nusu: benki imeandika jina la usharika na kiasi, basi, kujua ni ya nani mpaka uandike barua pepe tatu. Tatu, kuna watoto ambao mfadhili wao kapotea kimya kimya. Mkuu wa shule ana watoto 60 na hela ya 52. Afanye nini, awafukuze wanane? Anagawa. Wote wanalipiwa kama 87%, pengo anaficha kwenye deni la mchele.

Kisheria kwa Marekani hiyo wala si ajabu. Kule mtu akitoa hela kwa ajili ya mtoto mmoja aliyemtaja, haikatwi kwenye kodi yake. Inakatwa akitoa kwa shirika, na shirika liwe na mamlaka kamili ya kuamua nani apate. Kwa hiyo barua ya twiga inasema "mtoto wako", na karatasi ya kodi inasema "mfuko wa ufadhili". Wote wawili wanajua, ila wanapenda ile ya twiga.

#15 Dada wa Makete

Kwa hiyo mwenzangu alisoma kwa hela yangu, mimi nikafiwa na mtu aliye hai?

#16 Fundi Leja

Hiyo ya "amefariki" ilikuwa lugha ya ofisini. Nimeisikia ikitumika. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza mfuko umekauka. Siitetei, narudia.

#17 Mama wa Kabwe

Lugha ya ofisini! Na mipaini ya mjomba nayo ilikatwa kwa lugha ya ofisini?

#18 Mwl Kitulo

Niongeze upande wa darasani. Mmesahau ushindani. Kulikuwa na kipindi shule binafsi inatoa ufadhili ili kunasa vichwa. Unaenda shule za msingi, unachukua wa kwanza mpaka wa tatu, bure, wanakupandisha kumi bora kitaifa, kisha wenye hela wanakimbilia kwako. Mfadhili wa nje alikuwa analipa nusu ya hiyo biashara bila kujua.

NECTA (baraza la mitihani) ilipoacha kutangaza kumi bora, kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yaliyotoka Januari 2023, hamu ikapungua. Shule niliyokuwa nafundisha ilipunguza nafasi za bure mwaka uliofuata. Mleta mada angalia hao 61 wa 2014 walikuwa yatima wangapi na vichwa wangapi.

#19 Ulanzi Baridi

Mwalimu, kwa hiyo sisi tusio vichwa wala yatima tulikuwa daraja gani?

#20 Mwl Kitulo

Wewe ulikuwa daraja la walipaji. Tunakuheshimu sana.

#21 Mkinga Leeds

Salamu toka Leeds, mvua kama Makete tu.

Nasaidia kikundi kidogo cha kanisa hapa kinacholipia watoto sita Kyela na Rungwe. Naweza kuwaambia upande wa huku. Cha kwanza, umri. Tulipoanza tulikuwa watu 31 kwenye orodha, wengi wastaafu. Leo tuko 12. Hakuna aliyechoka, tumezika. Vijana wao hawakai kanisani, na wakitoa wanatoa kwa simu, pauni tano hapa pauni tano kule, hawataki kufungwa miaka minne.

Cha pili, kodi. Huku kuna kitu kinaitwa Gift Aid: mlipa kodi akitoa pauni 1, shirika la hisani linadai serikalini senti 25 za ziada. Lakini lazima uwe na shirika linalotambuliwa na mamlaka ya kodi, na kumbukumbu zilizonyooka. Sisi tunapitishia kwenye kanisa, na kila mwaka mkaguzi anataka uthibitisho kwamba mtoto yupo darasani. Tukiandikia shule, jibu linakuja baada ya miezi mitano, na mara nyingine halina ripoti ya mtihani. Mwaka jana tumeacha mtoto mmoja kwa sababu hiyo tu. Roho iliniuma, ila mkaguzi hana roho.

Cha tatu, shule binafsi za hapa zenyewe zinalia. Tangu 1 Januari 2025 ada zao zina VAT ya 20%, kwa hiyo nazo zinawapigia simu wahitimu wao matajiri zikiomba hela ya kusomesha wasio na uwezo. Tajiri huyohuyo ndiye tunayemwomba sisi.

#22 Kijana wa Nzovwe

Wakuu mnasema hakuna Trump wala nini, lakini Uingereza nao si wamekata misaada?

#23 Mkinga Leeds

Wamekata. Kutoka 0.7% ya pato lao hadi 0.5% mwaka 2021, na wametangaza 0.3% ifikapo 2027. Ila hiyo nayo ni ya serikali, kama alivyosema Fundi Leja. Bibi wa keki haimhusu.

#24 Ndaga Fijo

Haimhusu moja kwa moja. Lakini shirika lililokuwa linalipa daktari na dawa likifunga, bibi wa keki ndiye anaandikiwa barua pepe nyingine ya kuomba. Mkono ni mmoja.

#25 Pareto Njombe

Mnazunguka. Sababu ni elimu bila ada. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, kuanzia Januari 2016 sekondari za serikali hakuna ada: ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni ikafutwa. 2022 wakaongeza kidato cha tano na sita. Mzungu kasoma gazetini "Tanzania elimu ni bure", akauliza: sasa mimi nalipia nini? Nimelishuhudia. Mgeni alikuja shuleni kwetu, akauliza swali hilo mbele ya mkuu wa shule, mkuu akaanza kueleza tofauti ya shule ya serikali na isiyo ya serikali, mgeni anatikisa kichwa kwa heshima. Alipoondoka hakurudi.

Na kusema ukweli, swali lake lilikuwa na jibu gumu. Kwa nini yatima asomeshwe binafsi kwa milioni mbili wakati ya serikali ipo?

#26 Dada wa Makete

@Pareto Njombe kwa sababu ya serikali iliyokuwa karibu nami ilikuwa ya kutwa, kilomita 9, na mjomba alikuwa na ng'ombe wa kuchungwa. Bweni ndilo lilinisomesha. Ada ilikuwa jina tu.

#27 Mama wa Kabwe

Hapo umesema. Watoto wa kike wanapanga vyumba Uyole wasome kutwa, mnajua yanayofuata.

#28 Mwanabodi Mpya

Nawasoma wote. Mhasibu wetu bado ameshikilia dola. Anasema shilingi ikianguka ufadhili nao unaanguka.

#29 Fundi Leja

Mwambie mwenzangu huyo ameshika kinyume. Shilingi ikianguka, dola ya mfadhili inazaa shilingi nyingi zaidi. Iliyotuumiza ni mwishoni mwa 2024, shilingi ilipopanda ghafla, dola ikashuka toka kwenye 2,700 hadi karibu 2,400. Shule iliyokuwa inasubiri dola 5,000 ilipoteza zaidi ya milioni bila mtu kuiba hata shilingi.

Lakini ugonjwa mkubwa ni ada yenyewe. Chukua shule yangu ya zamani. 2013 ada 900,000, dola karibu 1,600, mfadhili akaambiwa toa dola 600, inatosha na daftari juu. Leo ada 2,100,000. Mfadhili yuleyule bado anatuma 600, kwa sababu hakuna mtu mwenye ujasiri wa kumwandikia kwamba imepanda. Kwa dola ya 2,500 hiyo ni 1,500,000. Pengo 600,000 kila mtoto kila mwaka. Ukiwa na watoto 20 ni milioni 12. Ndiyo mchele wote.

#30 Ulanzi Baridi

Si waandike ada kwa dola basi.

#31 Fundi Leja

Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Utaitwa na Benki Kuu uende na kikombe chako.

#32 Mzee wa Tukuyu

Wajukuu zangu, shikamooni wakubwa wenzangu kama mpo.

Mimi nasoma hapa naona kila mtu analia mzungu, mzungu. Miaka ya 1980 huku nyanda za juu tulijenga sekondari wenyewe. Njombe na Mufindi walikuwa na mifuko yao ya wilaya. Sisi baba zetu walikatwa kwenye chai na kahawa, na anayekosa hela analeta mchanga. Mimi nimebeba mchanga toka mtoni kwa ndoo na sikuwa na mtoto sekondari. Leo hii mtu anachangia harusi laki tatu ya kadi, mtoto wa jirani amerudishwa kwa 150,000 anamwona njiani anamsalimia.

#33 Kijana wa Nzovwe

Mzee shikamoo. Ila chai ya siku hizi bei yake ukikatwa hakibaki kitu.

#34 Pareto Njombe

Ahamie parachichi.

#35 Ndaga Fijo

Wote mnahamia parachichi, mwakani tutazikanyaga barabarani.

#36 Mkinga Leeds

Mzee wa Tukuyu ana hoja. Nyumbani kuna hata nafuu ya kodi watu hawaitumii. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara kupunguza michango ya hisani kwenye mapato yake kabla ya kodi kupigwa, hadi 2% ya mapato hayo. Na kuna Mfuko wa Elimu chini ya TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania), ulioundwa kwa sheria ya 2001. Ni mwenye malori gani hapo Makambako ameshaambiwa hayo na bodi ya shule?

#37 Mwanabodi Mpya

Hajaambiwa. Hata mimi sikujua.

#38 Hesabu Tupu

Naomba nitoe wazo, msinicheke. Acheni kuomba ada ya kila mwaka. Ombeni mtaji mara moja, nunueni hati fungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali kwa riba. Ile ya miaka 25 ilikuwa inalipa 15.95%, 2022 wakashusha hadi 12.56%, hata hiyo ilikuwa nzuri. Ada ni 2,100,000? Kwa riba hiyo ya 12.56%, mtaji wa kama milioni 16.7 unasomesha mtoto mmoja kila mwaka, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, bila twiga, bila barua. Akimaliza mmoja anaingia mwingine. Miaka 25.

#39 Ulanzi Baridi

Acha chai. Milioni 16 mbele ya bodi ya shule, unategemea ifike Dodoma?

#40 Fundi Leja

Si chai, hesabu yake iko sawa kwa mwaka wa kwanza. Ila riba ya hati haipandi na ada inapanda. Umeona hapo juu, 900,000 imekuwa 2,100,000. Mwaka wa kumi hati yako inasomesha mtoto mpaka mwezi wa saba. Labda sehemu ya riba uirudishe kununua nyingine, ambapo unahitaji mtaji mkubwa zaidi mwanzoni.

#41 Hesabu Tupu

Nakubali. Basi milioni 25.

#42 Mama wa Kabwe

Zinavyopanda hizo milioni ni kama nyanya Mwanjelwa.

#43 Mlutheri Ipogolo

Jamani siyo kote kumekufa. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina ushirika na sinodi ya Saint Paul ya Minnesota tangu 1987, unaitwa Bega kwa Bega, na kusomesha watoto ni sehemu yake mpaka leo. Ninachokiona kimewasaidia: usharika wa kule umeunganishwa na usharika wa huku, wageni wanakuja, wenyeji wanakwenda, wanajuana kwa sura. Mzee mmoja akifa anabaki usharika. Shule ya mleta mada inaonekana ilitegemea mchungaji mmoja na daftari lake la anwani.

#44 Mwanabodi Mpya

@Mlutheri Ipogolo umepiga palepale. Daftari lilikuwa la mchungaji mwenyewe. Alipohamishwa 2016 alihama nalo.

#45 Kijana wa Nzovwe

Bila picha uzi haujakamilika. Weka picha za hao 19.

#46 Mwl Kitulo

Usithubutu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na imeanza kutumika 2023. Mtoto hajakuomba umtangaze umaskini wake. Wafadhili wengi nao siku hizi wanakataza. Zamani tulikuwa tunawapanga watoto mbele ya jengo bovu makusudi, jengo jipya liko nyuma ya mpiga picha.

#47 Dada wa Makete

Nilikuwa kwenye picha moja ya hivyo. Tuliambiwa tuvue sweta.

#48 Mwanabodi Mpya

Mrejesho. Samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Nimekwenda shuleni bila kikao, nikaomba kuona mafaili ya wafadhili. Sijaona wizi wa wazi, na sisemi haupo. Leja zimeandikwa kwa penseli mpaka 2018, mtu anaweza kufuta chochote. Katika hao 19, wafadhili hai wanaojibu ni 11. Wengine shule inawabeba kwa mtindo ule wa Fundi Leja, kugawa na kuficha kwenye deni la mchele. Mwenye duka la mchele ameshatishia kwenda mahakamani.

Kisha karani akanifungulia stoo. Nyuma ya madawati yaliyovunjika kuna boksi la sabuni, limejaa barua. Barua za watoto kwa wafadhili, zimefungwa kwa raba, kila moja na bahasha imeandikwa anwani tayari. Hazijawahi kutumwa. Karani anasema bajeti ya stempu ilikatwa, wakasubiri mgeni atakayesafiri aondoke nazo, mgeni hakuja. Nilihesabu nikaishia 140.

#49 Dada wa Makete

Za mwaka gani?

#50 Mwanabodi Mpya

2018 na 2019.

#51 Dada wa Makete

Zina twiga?

#52 Mwanabodi Mpya

Karibu zote. Nimeona ng'ombe mmoja.

#53 Pareto Njombe

Basi sababu tumeipata! Wafadhili hawakupata barua, wakadhani wamesahauliwa.

#54 Fundi Leja

Polepole. Kushuka kumeanza 2014, barua zimelala 2018. Umerudi kwenye hesabu ya Trump.

#55 Mkinga Leeds

Ila @Pareto Njombe hajakosea kabisa. Kwetu mwaka tuliokosa barua ndio mwaka watatu walijitoa. Na mwaka tuliopata barua zinazofanana zote, neno kwa neno, mmoja alijitoa pia.

#56 Mama wa Kabwe

Mwanabodi, kabla ya wazungu: hao wanane wasio na mtu, awamu ya tatu wanarudishwa nyumbani au hawarudishwi?

#57 Mwanabodi Mpya

Bodi inakaa Ijumaa. Mwenye malori mmoja wa hapa nimemweleza ile ya 2%, amesema atachukua wawili lakini anataka awachague mwenyewe.

#58 Mama wa Kabwe

Kaanza.

#59 Ulanzi Baridi

Na zile barua 140 mnazifanyaje?

#60 Fundi Leja

Asizitume zote kwa mkupuo. Aangalie kwanza kwenye orodha nani bado yuko hai.

#61 Dada wa Makete

Ile ya ng'ombe itume.